Vidonge vya kukojoza, chai ya sanamaki au kupunguza ugali: kipi kinatoa nini mwilini?

Ukitaka mzani usome kilo mbili chini kufikia keshokutwa, zipo njia nne au tano za kufanya hivyo, na zote zinafanya kazi. Hata Lasix, kile kidonge cha kukojoza. Nasema hivi mapema kwa sababu makala nyingi humwanza msomaji kwa kumwambia kuwa dawa za kukojoza "hazisaidii kitu", wakati yeye kameza jana na asubuhi ya leo kaona kwa macho yake kilo moja na nusu hazipo. Hapo mwandishi keshampoteza.

Kwa hiyo tusibishane na mzani. Tuulize hizo kilo ni za nini, zitakaa nje kwa siku ngapi, na mwili umelipa kiasi gani kuzitoa.

Kilo ya maji na kilo ya mafuta

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ukikojoa lita mbili bila kunywa, umepungua kilo mbili. Mafuta yana hesabu nyingine. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Mtu anayetumia kalori 2,000 kwa siku akila za 1,500 tu, kwa wiki nzima atakuwa na upungufu wa kalori 3,500, yaani karibu nusu kilo ya mafuta. Anayekutangazia kilo tatu za kitambi ndani ya siku tatu anadai umeunguza kalori 23,100 kwa muda huo, na hata mkimbiaji wa marathoni asingefika huko.

Kingine ambacho wengi hawakijui: mafuta hayatoki kwa mkojo, kwa sehemu kubwa yanatoka puani. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walichapisha hesabu hiyo katika jarida la BMJ. Mafuta kilo 10 yakiungua mwilini, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi unapopumua, na kilo 1.6 tu hugeuka maji. Ukiona mtu anasifia dawa kwa kuwa "mafuta yametoka yote chooni", ujue alichokiona chooni ni kitu kingine.

Lasix: nguvu nyingi, muda mfupi

Furosemaidi, ambayo wengi tunaiita kwa jina la Lasix, ndiyo inayoulizwa zaidi dukani. Ni rahisi, pakiti yake haifiki bei ya sahani ya chipsi mayai. Ukiwa nyuma ya kaunta umevaa koti jeupe kila mtu anakuita dokta, basi mazungumzo huwa hivi:

"Dokta habari za kazi. Naomba Lasix."

"Nzuri dada. Za mgonjwa gani?"

"Za kwangu."

"Una shida ya moyo? Presha? Cheti unacho?"

"Hapana, nina send-off Jumamosi. Gauni limegoma kufunga zipu."

Sasa tuone kinachotokea akimeza. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu yote kwenye damu. Kinachobaki kuwa mkojo ni lita moja hadi mbili. Kazi hiyo ya kurudisha inategemea chumvi: sodiamu ikirudishwa, maji huifuata. Furosemaidi inaziba mlango katika sehemu ya figo inayorudisha karibu robo ya sodiamu yote iliyochujwa. Sodiamu inakosa pa kupita, inabaki kwenye mkojo na kuyavuta maji, na potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa, nayo inaburuzwa humohumo. Ndani ya saa moja unaanza kukimbilia choo, na hali hiyo inaendelea kwa saa sita hadi nane. Inasemekana jina Lasix lenyewe limetokana na hizo saa sita.

Kwa mgonjwa ambaye moyo umechoka, miguu imejaa maji na usiku hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, hiki ni kidonge cha kumshukuru Mungu. Maji yanayotoka kwake yalikuwa yamezidi kweli. Dada wa send-off hana maji yaliyozidi. Akitaka kuhakikisha, abonyeze kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, akishikilie kama sekunde kumi, kisha aachie. Kikibaki kishimo kinachojaa taratibu, kuna maji yaliyotuama, na hilo linampeleka hospitali apimwe moyo, figo na ini kabla ya kufikiria gauni. Ngozi ikirudi palepale bila alama, maji anayotaka kuyatoa ni ya damu na misuli yake, anayoyahitaji kusimama wima kwenye ukumbi wenye joto.

Halafu kuna marejeo, jambo ambalo watu hunilalamikia zaidi kuliko hata kizunguzungu. Figo zikiona maji na chumvi vinapungua, hutoa homoni za kuamuru mwili ubane kila tone. Wakati dawa iko kwenye damu, amri hiyo haisikiki. Dawa ikiisha, amri bado ipo: mwili unashika chumvi na maji kuliko hata mwanzo. Aliyemeza kwa wiki mbili tatu akiacha ghafla huamka uso umevimba, pete haivuki kiungo cha kidole, na mzani umepanda kupita pale alipoanzia. Anaamini amenenepa. Anarudi dukani kununua tena, na sasa kidonge kinatibu uvimbe ambao kidonge chenyewe kimeuleta. Nimewaona waliokwama kwenye mzunguko huo kwa muda mrefu.

Ndugu zake Lasix

Haidroklorothayazaidi ni ya kundi jingine, lile la dawa za presha lililoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Inaziba mlango mdogo zaidi kwenye figo, unaorudisha takriban asilimia tano ya sodiamu, kwa hiyo mkojo hauji kwa kishindo kama wa Lasix, lakini unaendelea kwa muda mrefu zaidi. Watu huiona "laini" kwa sababu hiyo. Mimi siikubali sifa hiyo. Inashusha sodiamu ya damu polepole bila kelele, na ukichanganya na ule ushauri wa kila mahali wa kunywa maji lita tatu nne "kusafisha mwili", sodiamu inazidi kuchujuka. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, anaongea maneno yasiyoungana, na nyumbani wanadhani ni malaria.

Spironolaktoni na amiloridi zinafanya kinyume kwenye potasiamu: zinaibakiza. Mtu akisikia hivyo anadhani amepata iliyo salama. Potasiamu ikizidi moyo nao unaweza kusimama, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa fulani za presha. Kwa kupunguza mzani ni dhaifu sana, hazistahili hata kuingia kwenye mashindano haya.

Mchanganyiko wa amiloridi na haidroklorothayazaidi ndio uliomtoa Shane Warne, bingwa wa kriketi wa Australia, kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2003. Mashindano yale yalichezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. Ndiyo yale ambayo Kenya ilifika nusu fainali. Februari 11, timu yake ikijiandaa kucheza na Pakistan, Warne alipanda ndege kurudi nyumbani baada ya kipimo kukuta dawa hizo mwilini. Alisema alipewa kidonge na mama yake ili aonekane amepungua. Alifungiwa mwaka mmoja. Karibu dawa zote za kukojoza zimo kwenye orodha ya marufuku michezoni, wakati wa mashindano na nje yake, kwa kuwa zinashusha uzito kwa ujanja na pia huweza kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Mwaka 2015, kwenye Mashindano ya Dunia ya riadha mjini Beijing, wanariadha wawili wa Kenya walinaswa na furosemaidi hiyohiyo ya pakiti ya bei rahisi. Kama unacheza ngumi au riadha kwa kiwango chochote kinachopimwa, kwako ulinganisho umekwisha hapa.

Ziweke ubavuni

| Njia | Kinachotoka | Mzani unashuka lini | Uzito unarudi lini | Cha kuogopa |
|---|---|---|---|---|
| Lasix | Maji, sodiamu, potasiamu | Siku hiyohiyo | Siku 1 hadi 3, wakati mwingine na nyongeza | Moyo, figo, kuanguka |
| Haidroklorothayazaidi | Hivyohivyo, polepole | Siku chache | Siku chache baada ya kuacha | Sodiamu kushuka |
| Chai ya sanamaki | Choo na maji | Kesho asubuhi | Ukila na kunywa | Kuharisha, utumbo kuzoea |
| Jasho la mvuke au nailoni | Maji na chumvi | Saa chache | Ukinywa maji | Joto kuzidi mwilini |
| Kupunguza chumvi | Maji ya ziada | Siku 2 hadi 5 | Ukirudia chumvi | Karibu hakuna kwa mtu mzima mwenye afya |
| Kupunguza wanga | Maji kwanza, mafuta baadaye | Wiki ya kwanza | Sehemu ya maji hurudi | Uchovu. Tahadhari kwa wenye kisukari |
| Kula pungufu na kutembea | Mafuta, na misuli kidogo | Wiki 2 hadi 4 | Ukirudia mazoea | Kukata tamaa |
| Sindano ya semaglutaidi | Mafuta, na misuli kiasi | Miezi | Sehemu kubwa, ukiacha | Tumbo kuvurugika, bei, bandia |

Chai, nailoni na maji ya tango

Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki, majani ya kuendesha ambayo bibi zetu waliyajua vizuri na waliyatumia kwa kilichokusudiwa, yaani kufungua choo. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula kinapofika huko, kalori zake zilishafyonzwa juu, kwenye utumbo mwembamba. Ile chapati ya mchana imeshaingia. Unachomwaga ni maji. Tumbo linalala kweli kwa siku moja, sikatai. Ila ukiifanya ya kila usiku, utumbo unazoea na bila chai hauendi.

Kinachonitisha zaidi ni chai na vidonge "vya asili" visivyo na orodha ya viambato. Kwa miaka mingi wadhibiti wa dawa nchini Marekani na kwingineko wamekuwa wakikuta ndani ya bidhaa kama hizo sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 huko Marekani na Ulaya kwa kuhusishwa na shambulio la moyo na kiharusi. Lasix angalau inajulikana kilichomo.

Kujifunga nailoni tumboni na kukimbia juani, au kukaa kwenye mvuke, ni jasho tu. Kati ya Novemba na Desemba 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki wakijaribu kukata uzito kwa suti za mpira na vyumba vya joto. Mwaka uliofuata chama cha michezo ya vyuo cha huko kilipiga marufuku suti hizo, sauna na dawa za kukojoza kwa ajili ya kufikisha uzito. Walikuwa vijana wenye miili ya mazoezi, si wagonjwa.

Maji ya tango, limau na tangawizi, au juisi ya choya isiyo na sukari: kunywa, ni matamu. Yanakojoza kidogo kama kinywaji kingine chochote. Hayayeyushi kitu.

Chumvi na ugali, kwa wenye tarehe

Hapa ndipo ningemsimamisha yule dada wa send-off, kwa sababu anachokitaka kinapatikana bila kidonge kama amekuja wiki moja kabla.

Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Hesabu siku ya kawaida mjini: supu ya asubuhi, chipsi zilizomwagiwa chumvi juu, kachumbari, kipande cha soseji, mchuzi uliotiwa kiungo cha mchemraba ambacho nacho ni chumvi. Umepita mara mbili bila kugusa kichupa cha mezani. Chumvi hiyo inashika maji. Iondoe kwa siku nne tano, figo zitayatoa maji yenyewe kwa kipimo chake, na potasiamu itabaki mahali pake.

Baada ya chumvi, tuje kwenye wanga. Ini na misuli huhifadhi wanga wa akiba, takriban nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu yake inakaa pamoja na gramu zipatazo tatu za maji. Ukipunguza ugali, wali, chapati na soda, akiba hiyo inatumika na maji yake yanaachiliwa. Ndiyo maana wanaoacha wanga hupungua hadi kilo mbili wiki ya kwanza na kushangilia. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji, sawa na ya Lasix, tofauti ikiwa ni kwamba mwili umeyatoa kwa utaratibu wake, na ukiendelea mafuta yanaanza kufuata. Si lazima uache ugali. Nusu ya sahani iwe mchicha, kabichi au bamia, ugali uwe kiasi cha ngumi yako, na soda iondoke kabisa. Mwenye kisukari anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kubadili, maana sukari inaweza kushuka mno.

Na kwa wanawake: siku chache kabla ya hedhi mwili hushika maji, kilo moja au zaidi, kisha huyaachia wenyewe. Wengi wanaokuja kununua dawa ya "kutoa maji" huja wiki hiyo hasa. Ukingoja hedhi ianze, utapungua bure.

Kama Jumamosi ni keshokutwa, mpelekee fundi gauni alilegeze. Fundi ana inchi mbili kwenye mshono kwa ajili hiyo.

Kwa wenye mwaka mzima

Sitarefusha kuhusu kula pungufu na kutembea, umeshasikia. Nitasema tu kuwa ni hapa pekee ambapo nusu kilo kwa wiki ni mafuta, na kwamba mzani unaweza kukudanganya upande wa pili pia: umekula vizuri wiki nzima, ukala pilau ya harusi Jumamosi, Jumapili mzani unasoma kilo moja na nusu juu. Ni chumvi na wanga. Jumatano itakuwa imeondoka.

Semaglutaidi, ile ya sindano ya kila wiki, inayouzwa kama Wegovy kwa uzito na Ozempic kwa kisukari, ndiyo dawa iliyobadilisha mjadala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliochomwa kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliopewa sindano tupu, asilimia 2.4. Hayo ni mafuta kwa sehemu kubwa. Lakini walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili ya uzito uliopotea ulikuwa umerudi. Kwa hiyo ni dawa ya muda mrefu, kwa bei ambayo kwa mshahara wa wengi wetu haishikiki, na bei hiyo imeleta matapeli: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Sindano ya mtandaoni iliyosafiri kwenye mfuko wa nailoni bila barafu, iache.

Kipo pia kidonge kinachotoa kalori kwa mkojo kweli, na watu wakikijua wataanza kukiulizia: dapagliflozini, dawa ya kisukari na moyo. Inazifanya figo zimwage gramu kati ya 60 na 80 za sukari kwa siku kwa mwenye kisukari. Matokeo? Kilo mbili au tatu, kisha uzito unatulia, pamoja na fangasi za sehemu za siri kwa wasio na bahati. Sioni sababu ya asiyeumwa kuihangaikia.

Kama umeshaanza kumeza

Kwanza, kama dawa ya kukojoza uliandikiwa kwa presha, moyo, ini au figo, yote niliyoyasema juu ya gauni hayakuhusu. Usiache. Wagonjwa wa moyo hujipima kila asubuhi baada ya kukojoa kabla ya kunywa chai, na wakiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu wanarudi kwa daktari.

Kama ulijinunulia na umeitumia siku moja mbili, acha, kula ndizi na maharage, kunywa maji kwa kiu yako. Ukiwa umeitumia wiki kadhaa, usiache kwa hasira asubuhi moja ukaja kuogopa uvimbe. Nenda hospitali, mwambie daktari ukweli, upimwe potasiamu, sodiamu na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Potasiamu ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Uvimbe wa marejeo hupita, kwa kawaida ndani ya wiki chache, na unapita upesi zaidi ukibana chumvi.

Katika siku hizo usimeze diklofenaki wala aibuprofeni kwa ajili ya mgongo. Zote mbili hubana damu inayoingia kwenye figo, na figo zilizokaushwa na Lasix hazina akiba. Ukitumia na dawa fulani za presha juu yake, watatu hao kwa pamoja huweza kuziangusha figo ndani ya siku chache.

Moyo ukiruka mapigo, misuli ya miguu ikikaza mfululizo, ukizimia ukisimama, au mkojo ukiwa kidogo na mweusi, hilo si la kumpigia muuza dawa. Nenda kituo cha afya leo, na pakiti ya vidonge mkononi ili waione.